Waliofyatua risasi Sand Creek ni watu, si zama

Kila mara vita vya Magharibi ya Marekani vinapozungumzwa, utetezi mmoja haukosi kutajwa: tusiwahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo. Hutolewa kwa George Custer, hutolewa kwa Kit Carson, na kwa zaidi ya karne moja umetolewa kwa Kanali John Chivington, aliyeongoza mauaji ya Wacheyenne na Waarapaho kando ya kijito cha Sand Creek, kusini-mashariki mwa Colorado, alfajiri ya tarehe 29 Novemba 1864. Utetezi huo unasikika kuwa wa busara, na ndiyo maana watu waungwana huukubali haraka. Mimi naamini hauna msingi, na hatuhitaji kuazima maadili ya karne ya 21 ili kuuangusha. Unaangushwa na askari waliokuwa kwenye safu hiyo hiyo, asubuhi hiyo hiyo, chini ya kamanda huyo huyo. Kapteni Silas Soule na Luteni Joseph Cramer walivaa sare ile ile, walisoma magazeti yale yale yaliyochochea chuki, na waliwakataza watu wao kufyatua risasi. Anayesema zama ndizo zilizoua hana budi kutueleza kwa nini zama hizo hazikuwalazimisha wawili hao.

Tuanze na hali ilivyokuwa, kwa sababu wanaomtetea Chivington wana haki ya kudai tuielewe. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1851 ulitambua kwamba nyanda kati ya mito ya Platte na Arkansas ni za Wacheyenne na Waarapaho. Miaka saba baadaye dhahabu ilionekana chini ya milima ya Rocky, maelfu ya wazungu wakamiminika, mji wa Denver ukazaliwa, na mwaka 1861 machifu wachache wakatia alama zao kwenye mkataba mpya, wa Fort Wise, uliowabakizia sehemu ndogo tu ya nchi yao. Wapiganaji wengi vijana hawakuutambua. Nyati walikuwa wanapungua, misafara ya walowezi ilipita katikati ya mawindo, na jeshi la serikali kuu lilikuwa limezama katika vita dhidi ya waasi wa Kusini. Mei 1864 kikosi cha wapanda farasi kutoka Colorado kilikutana na Wacheyenne waliokuwa wakiwinda huko Kansas. Chifu Lean Bear aliwaendea askari kwa amani, kifuani amevaa nishani aliyopewa Washington mwaka uliotangulia, alipokutana na Rais Abraham Lincoln. Walimpiga risasi. Mwezi uliofuata familia moja ya walowezi, baba, mama na watoto wawili, iliuawa nje ya Denver, na miili yao ikaletwa mjini ikaonyeshwa hadharani. Hofu ya watu wa Denver ilikuwa ya kweli, na hasira yao pia.

Katika hali hiyo Gavana John Evans alitoa matangazo mawili yaliyopingana. La Juni 1864 liliwataka wenyeji wapenda amani waende kwenye ngome za jeshi wakalindwe; wale wa upande wa mto Arkansas walielekezwa Fort Lyon. La Agosti liliwaruhusu raia kuwawinda na kuwaua wenyeji wote waliohesabiwa kuwa maadui. Mapema Septemba mzee wa Kicheyenne aitwaye One-Eye alijitosa kwenda Fort Lyon na barua ya machifu waliotaka amani, akijua fika kwamba askari wangeweza kumuua kabla hajafungua kinywa. Kamanda wa ngome, Meja Edward Wynkoop, alikuwa mpaka siku hiyo akiamini kama wengi kwamba wenyeji hawana neno la kuaminika. Ujasiri wa mzee yule ulimbadilisha. Aliondoka na askari wachache, Soule akiwa miongoni mwao, akakutana na machifu katika eneo la mto Smoky Hill, akarudi na mateka wanne wa kizungu waliokombolewa bila risasi kufyatuliwa. Kisha akawapeleka machifu Denver, na tarehe 28 Septemba walikaa na gavana pamoja na Chivington katika kambi ya Weld. Picha iliyopigwa siku hiyo ipo hadi leo: machifu wameketi, Black Kettle yumo, White Antelope yumo, na mbele yao Wynkoop na Soule wamepiga goti moja. Kabla kikao hakijavunjwa, Chivington mwenyewe aliwaambia kwamba wakiwa tayari kuweka silaha chini waende kwa Wynkoop. Walifanya hivyo hasa. Walikwenda Fort Lyon, na wakaelekezwa wapige kambi Sand Creek.

Chivington hakuwa mtu asiyejua tofauti ya haki na dhuluma. Alikuwa mchungaji wa Kimethodisti aliyehubiri dhidi ya utumwa mbele ya watu waliomtishia maisha. Machi 1862, huko Glorieta Pass, New Mexico, ni yeye aliyeongoza kikosi kilichozunguka nyuma ya jeshi la waasi na kuteketeza misafara yao ya vifaa, tendo lililowalazimisha kurudi Texas. Mtu huyo alikuwa na kila sababu ya kukumbukwa vizuri. Lakini mwaka 1864 alikuwa na tamaa ya siasa, alikuwa amegombea nafasi ya kwenda bungeni Washington, na chini yake kulikuwa na rejimenti ya tatu ya Colorado, askari wa kujitolea walioandikishwa kwa siku 100 ambazo zilikuwa zinakaribia kwisha bila vita vya maana. Wynkoop alikuwa ameondolewa Fort Lyon na nafasi yake kuchukuliwa na Meja Scott Anthony. Tarehe 28 Novemba Chivington aliwasili ngomeni ghafla na kuweka walinzi ili mtu yeyote asitoke kupeleka habari. Soule, Cramer na maofisa wengine walipojua nia yake walipinga. Walimwambia kwamba watu wa Sand Creek wamejisalimisha, kwamba wamepewa ahadi kwa jina la jeshi, na kwamba kuwashambulia ni mauaji tu. Chivington aliwajibu kwa laana na vitisho. Jambo hilo lina uzito mkubwa katika hoja yangu: kabla farasi hawajatoka ngomeni, kamanda alikuwa ameelezwa ukweli wote, ana kwa ana, na watu wa jeshi lake mwenyewe.

Walisafiri usiku kucha, askari wapatao 675 wenye mizinga minne midogo, na kulipopambazuka waliiona kambi yenye watu wapatao 750. Wengi wa wanaume wenye nguvu walikuwa hawapo. Black Kettle alipandisha bendera ya Marekani juu ya mti mrefu mbele ya hema lake, na chini yake kitambaa cheupe, kwa kuwa alikuwa ameambiwa na maofisa wa serikali kwamba bendera ile ni kinga yake. Aliwaita watu wakusanyike hapo. White Antelope, mzee aliyepita umri wa miaka 70, aliwaendea askari akiwapungia mikono wasimame. Walipoendelea kufyatua alikunja mikono kifuani, akasimama pale pale hadi akaanguka. Wanawake, watoto na wazee walikimbia kufuata mkondo mkavu wa kijito, wakachimba mashimo kwa mikono kwenye mchanga wa kingo ili wajifiche. Mizinga ikasogezwa hadi hapo. Mauaji yaliendelea kwa saa nyingi, na watu wapatao 230 waliuawa, walio wengi wakiwa wanawake, watoto na wazee. One-Eye, yule aliyeleta barua ya amani, alikuwa mmoja wao. Baadaye askari walirudi kwenye miili, wakaikatakata na kuchukua viungo na ngozi za vichwa kama kumbukumbu za ushindi. Kesho yake kijana Jack Smith, mtoto wa mkalimani mzungu na mama wa Kicheyenne, aliuawa akiwa mateka.

Soule alikuwa na kampuni D ya rejimenti ya kwanza, Cramer kampuni K. Wote wawili waliandika kwamba waliwazuia askari wao kufyatua. Soule hakukimbia wala hakuwageuzia silaha wenzake. Alikaa na watu wake kando ya kijito, kampuni yake ikiwa kamili na yenye nidhamu, akakataa kushiriki. Tarehe 14 Desemba, wiki mbili baadaye, alimwandikia Wynkoop barua. Cramer aliandika ya kwake siku tano baadaye. Barua hizo hazipambwi kwa maneno makubwa. Zinaeleza watoto waliopiga magoti wakiomba wasiuawe, wanawake waliouawa wakiwa wamewakumbatia watoto wao, na askari ambao nidhamu yao ilikuwa imevunjika kabisa hadi wakawa wanapigana risasi wenyewe kwa wenyewe katika vurugu. Soule alimweleza Wynkoop kwamba tayari ametishiwa, na kwamba hatanyamaza.

Denver ilisherehekea. Gazeti la Rocky Mountain News liliandika kuhusu ushindi wa kujivunia, ripoti ya Chivington ikadai kwamba maadui waliouawa ni kati ya 400 na 500, na ngozi za vichwa zikaonyeshwa jukwaani kwenye ukumbi wa michezo huku watazamaji wakishangilia. Kama wale maofisa wawili wangenyamaza, simulizi hiyo ingesimama hivyo. Lakini barua zilifika Washington, na mwaka 1865 kulifanyika uchunguzi mara tatu: tume ya kijeshi mjini Denver, kamati ya pamoja ya bunge iliyosimamia mwenendo wa vita, na kamati nyingine ya bunge iliyoongozwa na Seneta James Doolittle. Soule alikuwa miongoni mwa mashahidi wa mwanzo wa tume ya Denver, Februari 1865, na Chivington mwenyewe alimhoji. Aprili mosi alioa. Usiku wa tarehe 23 Aprili, akiwa kazini kama mkuu wa ulinzi wa kijeshi mjini, alitoka kufuatilia milio ya risasi na akapigwa risasi ya uso akafa papo hapo, akiwa na umri wa miaka 26. Aliyemuua, askari aitwaye Charles Squier, alitoroka. Luteni James Cannon alimfuata hadi New Mexico akamrudisha Denver. Muda mfupi baadaye Cannon alikutwa amekufa chumbani mwake hotelini, na Squier akatoroka tena. Hakuna aliyewahi kuadhibiwa. Waswahili husema msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Huyu hakukimbiwa tu, aliuawa.

Sasa turudi kwenye utetezi wa zama. Ili uwe na nguvu, lazima mambo mawili yawe kweli: kwamba watu wa wakati ule hawakuweza kujua kuwa tendo lile ni ovu, au kwamba walijua lakini hawakuwa na njia nyingine. Sand Creek inakanusha yote mawili. Jeshi la Muungano lilikuwa limepewa kanuni za vita zilizoidhinishwa na Lincoln mwaka 1863, zilizosema wazi kwamba mahitaji ya vita hayahalalishi ukatili wala kisasi. Kamati ya bunge ililaani tendo la Chivington kwa maneno makali kuliko yanayotumiwa na wanahistoria wengi wa leo. Mwanasheria mkuu wa jeshi, Joseph Holt, aliliita mauaji ya woga. Rais Andrew Johnson alimtaka Gavana Evans ajiuzulu. Oktoba 1865, katika mkataba wa Little Arkansas, serikali ya Marekani iliandika kwamba kosa lilitendeka na ikaahidi fidia kwa wajane na yatima, ingawa haikuitimiza ipasavyo. Hata Kit Carson, ambaye miezi michache kabla alikuwa ameongoza kampeni ya kuteketeza mashamba ya Wanavajo na kuwalazimisha kuhama nchi yao, alimlaani Chivington. Kwa hiyo anayemhukumu Chivington leo harushi hukumu mpya nyuma ya wakati. Anarudia hukumu iliyotolewa na watu waliomjua, waliopigana upande wake na waliokula kiapo kile kile. Na kuhusu njia nyingine, ilikuwepo, na watu wawili waliifuata chini ya kamanda huyo huyo.

Mtu atasema: wawili kati ya mamia ni tofauti tu, na tofauti haibadilishi kanuni. Ni kweli kwamba walikuwa wachache, na ni kweli kwamba umma wa Denver ulikuwa upande wa Chivington. Doolittle alisimulia kwamba alipouuliza umati uliojaa ukumbini kama wenyeji watengewe ardhi au waangamizwe, ukumbi ulitikisika kwa kelele za kutaka waangamizwe. Lakini kelele hizo zinatuonyesha shinikizo lilivyokuwa kubwa. Hazionyeshi kwamba shinikizo lilishinda kila mtu. Sijatumia Soule kudai kwamba kila askari wa kawaida, kijana wa siku 100 aliyejazwa hofu, ana hatia sawa na kanali. Hatia hupimwa kwa ujuzi na mamlaka. Askari asiyejua habari za kambi ya Weld anaweza kuhurumiwa kwa kiasi fulani kwa kuingia vitani, ingawa hakuna kutojua kunakomfanya mtu asimtambue mtoto aliyepiga magoti. Chivington alikuwa na ujuzi wote na mamlaka yote. Alikuwepo ahadi ilipotolewa, alionywa usiku ule, na akaamuru.

Wengine husema hivyo vilikuwa vita, na walowezi pia waliuawa. Waliuawa kweli, na familia zile hazikustahili kufa. Kiangazi cha 1864 wapiganaji wa Kicheyenne, hasa wale wa chama cha Dog Soldiers, walishambulia misafara na mashamba katika njia ya mto Platte. Lakini kambi ya Sand Creek ilikuwa ya watu waliojitenga na mashambulizi hayo na kutii tangazo la gavana. Kuwaua hao kwa makosa ya wengine ni kuwaadhibu waliotii. Matokeo yake yanajulikana. Waliomsikiliza Black Kettle akihubiri amani walipoteza imani, na Januari 1865 wapiganaji wa Kicheyenne, Waarapaho na Walakota waliungana kushambulia Julesburg na njia yote ya Platte. Tume ya amani iliyoundwa na bunge mwaka 1867 ilikadiria kwamba vita vilivyofuata viligharimu serikali dola milioni 30. Wanaosema Chivington aliwalinda walowezi wanapaswa kuwahesabu waliokufa baada ya Sand Creek, waliokufa kwa sababu yake. Black Kettle mwenyewe aliendelea kutafuta amani hadi tarehe 27 Novemba 1868, alipouawa kando ya mto Washita na askari wa Custer, pamoja na mkewe, ambaye huko Sand Creek alikuwa amepata majeraha tisa na akapona.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanajeshi wenyewe, nalo linastahili jibu la heshima. Jeshi ambalo kila ofisa anachagua amri ya kutii, wanasema, si jeshi tena. Ni genge lenye bunduki. Nakubaliana na msingi wa hoja hiyo, na ndiyo maana namtetea Soule. Tutazame ni nani aliyevunja utaratibu siku ile. Aliyefuta ahadi iliyotolewa na jeshi ni Chivington. Askari waliovunja safu, wakapigana risasi wenyewe, wakakata miili na kurudi mjini na vipande vyake, ni wale waliomfuata. Kampuni iliyobaki kamili, ikitii ofisa wake, haikupoteza utu wala utaratibu, ilikuwa ya Soule. Kutii kwa askari ni kutii sheria na neno la jeshi kupitia kwa kamanda; kamanda akiyatupa yote mawili, ofisa anayekataa ndiye anayebaki ndani ya jeshi. Na Soule hakukataa kisha akajificha. Alifuata ngazi zote: alipinga kabla, alikataa wakati wa tendo, aliripoti baadaye, akatoa ushahidi kwa kiapo mbele ya tume ya jeshi lake. Nidhamu ya kijeshi inahitaji nini zaidi ya hayo?

Kuna pia wanaodai kwamba ushahidi wote ulikuwa fitina za maofisa. Samuel Tappan, aliyeongoza tume ya Denver, alikuwa hasimu wa Chivington wa muda mrefu, na Wynkoop alikuwa na sababu ya kujisafisha. Ni kweli kwamba uhasama ulikuwepo, na tume ingekuwa na heshima zaidi kama ingeongozwa na mtu mwingine. Lakini barua za Soule na Cramer ziliandikwa kabla ya tume yoyote kuundwa, kwa faragha, na watu waliokuwa na hasara tupu ya kutarajia. Ushahidi wao unakubaliana na wa mkalimani aliyekuwa kambini, wa askari wengine waliohojiwa, na zaidi ya yote unakubaliana na masimulizi ya Wacheyenne wenyewe. George Bent, mtoto wa mfanyabiashara mzungu na mama wa Kicheyenne, alikuwa kambini asubuhi ile, akajeruhiwa nyonga, akajificha katika mashimo ya mchanga, na miongo kadhaa baadaye akaeleza kila kitu katika barua ndefu. Mashahidi waliokuwa pande mbili za bunduki hawakukaa pamoja kupanga uongo mmoja.

Hapo linatokea swali ambalo wasomaji wengi wa Afrika watauliza, na wana haki: kwa nini simulizi ya mauaji ya wenyeji imtukuze ofisa mzungu? Jibu langu ni kwamba simulizi ya Sand Creek ni mali ya Wacheyenne na Waarapaho. Waliitunza bila kumhitaji Soule, walitaja majina ya waliokufa vizazi hadi vizazi, na kila mwaka vizazi vyao hukimbia mbio za kumbukumbu kutoka Sand Creek hadi Denver. Thamani ya Soule ni nyembamba zaidi, lakini haina mbadala: yeye na Cramer wanamnyang'anya muuaji kisingizio chake. Kwa ushahidi wa wahanga peke yake, mtetezi wa Chivington angeweza kusema kwamba watu wa upande wake waliona mambo kwa macho mengine. Kwa ushahidi wa Soule hawezi. Wazao wa waliouawa wanalijua hilo. Wakimbiaji wa kumbukumbu husimama kwenye kaburi lake katika makaburi ya Riverside na kumpa heshima.

Kisingizio cha zama hakikuzaliwa mwaka 1864. Kilijengwa baadaye, na watu wenye majina makubwa. Theodore Roosevelt, kabla hajawa rais, aliandika kuhusu kutekwa kwa Magharibi na akalitaja tendo la Sand Creek kwamba, licha ya mambo ya kuchukiza ndani yake, kwa jumla lilikuwa la haki na lenye manufaa. Huyo ndiye Roosevelt aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 kwa safari yake ya kuwinda. Mwaka huo huo, mbele ya makao makuu ya serikali ya Colorado, ilizinduliwa sanamu ya askari wa jimbo hilo waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwenye bamba lake Sand Creek iliorodheshwa miongoni mwa vita vyao vya heshima. Kumbe bunge lilikuwa limeshatoa hukumu miaka 44 iliyotangulia. Chivington alikufa mwaka 1894 akazikwa kwa maandamano makubwa, na mji mdogo karibu na mahali pa mauaji ulikuwa umeitwa kwa jina lake. Kisha zikaja sinema za kauboi, ambazo vizazi viwili vya watoto wa Afrika Mashariki walizitazama kwenye majumba ya sinema mijini, wakishangilia wapanda farasi wenye sare za buluu. Hakuna aliyewaambia kwamba baadhi ya wenye sare hizo walikataa, na kwamba mmoja wao aliuawa kwa kusema kweli.

Ukweli umerejea polepole. Mwaka 2000 nakala za barua za Soule na Cramer zilipatikana tena ndani ya sanduku la zamani darini mwa nyumba moja huko Colorado. Zilisomwa mbele ya kamati ya Seneti, na sheria iliyosimamiwa na Seneta Ben Nighthorse Campbell, Mcheyenne wa Kaskazini, ikaifanya Sand Creek kuwa eneo la kihistoria la taifa. Lilifunguliwa mwaka 2007. Bamba la maelezo liliwekwa kwenye sanamu ya Denver mwaka 2002, na sanamu yenyewe ikaangushwa mwaka 2020. Mwaka 2014 gavana wa jimbo aliomba radhi. Septemba 2023 mlima uliobeba jina la Evans ukaitwa Blue Sky. Haya ni mema, lakini kuondoa majina ni nusu ya kazi. Jina la muuaji likitoka na jina la aliyekataa lisiingie, vijana watabaki na somo moja tu: kwamba watu wa kale walikuwa wabaya. Somo hilo ni la uongo, na lina hatari yake, kwa kuwa linawafundisha kwamba ubaya ni tabia ya wakati na kwamba wao, kwa kuzaliwa baadaye, wameshaokoka.

Kwa hiyo wanaoandika maisha ya watu mashuhuri wa Magharibi ya Marekani, na wanaoyafundisha, wawe na swali moja la lazima kwa kila shujaa anayeletwa: ni nani aliyesimama karibu naye siku ile, akijua anachokijua, akatenda tofauti? Akipatikana hata mmoja, neno zama lifutwe kwenye utetezi, na libaki kueleza mazingira tu. Barua za Soule na Cramer zisomwe katika vyuo vya maofisa, nchini Marekani na kwingineko, kama vile wanavyosoma mipango ya mapigano maarufu, kwa sababu siku moja ofisa kijana atasimama mbele ya watu wasio na silaha na kamanda wake atataja kisasi. Ofisa huyo hatakuwa na muda wa kutafuta falsafa. Atahitaji kujua kwamba wengine kabla yake waliikataa amri ya namna hiyo wakabaki wanajeshi, na kwamba hukumu ya wakati wake mwenyewe, kama ile ya mwaka 1865, itamfikia kwa kile atakachoamuru na kile atakachokizuia.